Faili la Kwenye Pipa

Kompyuta ya Katibu ilichelewa kuwaka kiasi kwamba mjane wake alikuwa akibonyeza kitufe, anafagia mbele ya meza, anapanga viti viwili vya wateja, anafuta vumbi kwenye printa, na akirudi anakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi wateja walisubiri kwa heshima ya msiba. Mwezi wa tatu walianza kutazama saa.

"Mama, hii mashine inaamka au inaomboleza?" aliuliza mwanamume mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Hapo hapo akajisikia vibaya. "Samahani. Sikukusudia."

"Inaamka," alisema mjane.

"Basi iamke taratibu. Sina haraka."

Haraka alikuwa nayo, kwa maana mguu wake haukutulia. Lakini alikaa, na alipoona jua linamfikia mama huyu begani, alisogeza ubao wa matangazo ili kivuli kimfunike. Mjane hakuona. Siku hizo hakuwa anaona mengi.

Katibu hakuwa amewahi kuwa katibu wa ofisi yoyote. Mtaa ndio uliompa jina hilo, kwa sababu kwa miaka kumi na minne aliketi kwenye kibaraza hicho akiwaandikia watu barua, fomu, mikataba ya nyumba na malalamiko ya bili za maji. Asubuhi moja aliinama kufunga kamba za viatu na hakuinuka tena. Mkewe, ambaye alikuwa akifanya usafi kwenye jengo la maofisi upande wa pili wa mji, aliacha ndoo na fagio akaja kukaa kwenye kiti chake. Si kwamba alijua sana kuchapa. Ila kibaraza kilikuwa hatua chache kutoka shuleni kwa binti yao, na lazima awepo mtu wa karibu wa kuitwa.

Watu walisema ni mwanamke jasiri, hakulia hata kaburini. Hakuwa jasiri. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi; ukiukanyagia unakubeba, lakini huuhisi.

Jumatatu hiyo ile mashine ilizima yenyewe mara mbili katikati ya barua ya yule mwombaji wa kazi ya ulinzi. Mara ya tatu, mlinzi huyo mwenyewe alisema kwa upole, "Mama, mpelekee fundi. Mimi nitarudi."

Na mjane alijua kwamba hana budi, kwa sababu Alhamisi ilikuwa siku ya daktari.

*

Binti yao alikuwa na miaka kumi na mitano, na tangu akiwa na miaka minne alikuwa akianguka kifafa. Katibu aliandika kila anguko: tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa anafanya nini, alikula nini, alilala vipi jana yake. Mwanzo aliandika kwenye daftari. Siku moja ndugu aliyekuja kuwasalimia alilikuta daftari kabatini, akalisoma, na wiki ile ile watoto wa jirani wakaanza kukaa mbali na binti darasani. Katibu alilichoma daftari nyuma ya nyumba baada ya kunakili yote kwenye kompyuta.

Lakini kwenye kompyuta nako kulikuwa na macho. Wateja waliketi ubavuni mwake wakisoma kila kinachoandikwa. Basi alifanya kitu ambacho pengine hakuna mwingine aliyewahi kukifanya: mafaili ya binti, moja kwa kila mwaka, aliyahifadhi ndani ya pipa la taka la kompyuta. Kila alipotaka kuandika aliyatoa, akaandika, akayatupa tena.

"Watu wanapekua makabati," alimwambia mkewe. "Nani atapekua pipa?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kulimwaga pipa lile.

Sasa daktari wa kifafa, ambaye hufika hospitali yao mara moja kila miezi minne, alikuwa amesema safari iliyopita kwamba kuna dawa nyingine anayoweza kuijaribu, maana hii ya sasa haimsaidii mtoto inavyotakiwa. "Lakini nione rekodi kwanza," alisema. "Hasa ya miaka ya karibuni. Sitabadilisha dawa ya mtoto kwa kubahatisha. Bila rekodi tutaendelea na hii hii, tuonane baada ya miezi minne." Katibu alicheka kwa furaha, akamwambia anayo yote, miaka kumi na moja. Ilikuwa kliniki yake ya mwisho.

Baada ya mazishi mjane alilitoa faili la mwaka huu mara moja tu. Aliona mstari wa mwisho alioandika mumewe, akalirudisha pipani. Tangu hapo binti ameanguka mara mbili, na mara zote mbili hakuandika.

*

Duka la fundi lilikuwa jembamba kama ujia. Mashine zilizofunguliwa zililala mgongo wazi kwenye rafu, na fundi mwenyewe alilazimika kugeuka kiubavu kila mtu alipopita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imezima mara tatu."

Aliigeuza, akaifungua kwa bisibisi ndogo, na skrubu akaziweka moja moja ndani ya kizibo cha soda. Hakuharakisha. Alikuwa amemfahamu Katibu, na aliishika mashine ile kama mtu anavyoshika kofia ya marehemu.

"Haijafa," alisema. "Diski ndiyo imechoka. Humu ndani kuna kisahani kinazunguka na kijisindano kinatafuta. Kila ukiomba kitu, kinakimbia kukitafuta, na mbio zimekiishia. Nikuwekee hizi mpya, SSD. Hii haina kinachozunguka. Unabonyeza, inawaka."

"Bei yake?"

Aliitaja. Mjane alifungua mkoba, akatazama, akafunga.

"Diski ya zamani ikibaki hapa kwangu, inapungua," fundi alisema haraka, macho yakiwa kwenye skrubu ili mama asione kuwa ameonekana. "Ndivyo tunavyofanya na wateja wote. Na kazi ya mikono nitakuachia. Katibu aliniandikia mkataba wa duka hili akakataa hela yangu."

"Ahsante, baba."

"Vitu vilivyomo nivihamishe vyote?"

"Vyote."

"Kama vilivyo?"

Nyuma yake walikuwa wameketi vijana wawili wakisubiri simu zao, na mmoja alikuwa mtoto wa mwalimu. Mjane alifungua mdomo aseme habari ya pipa. Aliona jinsi fundi atakavyouliza kwa nini, na jinsi vijana watakavyoinua vichwa.

"Kama vilivyo," alisema.

*

Jumanne saa nne ilikuwa tayari. Aliiweka mezani, akabonyeza kitufe, akageuka kuchukua fagio. Akasikia mlinzi akipiga kofi.

"Imewaka! Mama, imewaka kabla hujageuka!"

Kweli ilikuwa imewaka. Barua za wateja zilikuwepo, picha ya kahawia ya mlima ilikuwepo, kila kitu mahali pake. Kule pembeni kulikuwa na kile kipipa. Kwa miaka yote kilichorwa kikiwa na karatasi zilizochungulia juu. Sasa kilikuwa kitupu.

Alikibofya. Hakuna kitu.

"Tuendelee, mama?" aliuliza mlinzi.

"Tuendelee."

Akamwandikia barua yake hadi mwisho. Aliweka tarehe, akaweka "Yah:", akaweka nafasi ya sahihi. Akaichapisha nakala mbili, akapokea malipo, akarudisha chenji kamili. Mlinzi alimtazama usoni, akaikunja barua polepole.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama. Nenda, usije ukachelewa."

Kisha akafunga mashine, akafunika printa kwa kitambaa, na akatembea hadi kwa fundi bila kujua amepita njia gani.

*

"Pipa?" fundi alisema.

"Kulikuwa na mafaili. Kumi na moja."

"Ndani ya pipa la taka?"

"Ndimo alimokuwa anayaweka."

Fundi hakucheka. Mtu mwingine angecheka, na mjane alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima. Alimpisha yeye kiti chenye mgongo, ndipo akavuta stuli akakaa.

"Mama, mimi kila mashine naisafisha kabla ya kuhamisha. Takataka namwaga kwanza, ndipo nanakili. Niliona kuna vitu kwenye pipa, nikamwaga. Sikuangalia hata majina. Ni mazoea."

"Wewe hukukosea. Mimi sikusema."

"Subiri kwanza. Nilimwaga kwenye diski ya zamani. Na kwenye ile, kitu kikimwagwa hakitoki siku hiyo hiyo. Kinabaki mpaka kingine kije kukalia nafasi yake. Tukiipata tutavitoa." Aliinama kwenye boksi la vyuma vikuukuu chini ya meza, kisha akainuka bila kitu mkononi. "Astaghafiru. Nimempa mpiga picha asubuhi hii. Alitaka ya kuwekea video za harusi."

Akatoa kufuli. Palikuwa na mteja mlangoni ameshika kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Fundi, unakwenda wapi? Nimetoka mbali!"

"Kaa hapo kibarazani, kaka yangu. Ukichoka kukaa, simama. Nakuja."

*

Mpiga picha alikuwa kwenye chumba chake chenye mapazia mekundu na maua ya plastiki, anakula huku akitazama skrini. Diski ya Katibu ilikuwa imelala kando ya sahani, ndani ya kijumba cha plastiki, taa yake inapepesa. Kwenye skrini mstari wa kijani ulikuwa umefika katikati.

"Simamisha!" fundi alisema kabla ya salamu.

"Ee, bwana, hodi kwanza! Bi harusi anakuja kesho kuchukua kazi yake."

"Simamisha, nakwambia. Kila inavyojaa inafuta vya huyu mama."

"Vitu gani hivyo vya kunisimamishia kazi?"

Fundi alimgeukia mjane. Lilikuwa swali la mjane kujibu, naye alikuwa mlangoni, viatu mkononi, kwa kuwa alikuta wengine wamevua. Alisikia sauti yake ikitoka kavu na ya kawaida, kama anayemsomea mteja fomu.

"Binti yangu ana kifafa. Baba yake alikuwa anaandika kila akianguka. Daktari anataka kuona kesho kutwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiye daktari.

Mpiga picha aliacha kijiko. Akabonyeza, mstari wa kijani ukasimama. Akaichomoa diski kwa adabu zote, akaifuta mafuta ya vidole kwenye shati lake, na badala ya kumpa fundi akampa mjane, mikono miwili.

"Bi harusi nitamdanganya kwamba umeme ulikatika," alisema. "Ameshadanganywa na mume, hawezi kunishangaa mimi."

Fundi alicheka. Mjane alijua kwamba hapo ni mahali pa kucheka, akasema ahsante.

*

Jioni hiyo mama mkwe alipakua chakula, akawekea watu watatu, akatazama sahani ya mkamwana wake haipungui.

"Kula. Diski hailiwi, wala hailishwi kwa njaa yako."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi umekula hewa." Akamsogezea sahani, na kile kipande kizuri kilichokuwa kwenye sahani yake mwenyewe akakihamisha bila kusema. "Mwanangu naye alikuwa na akili za ajabu. Kuweka vitu kwenye jalala!"

Binti alikuwa ananyanyua maharagwe moja moja kwa uma. "Mama, fundi asipoyapata?"

"Tutakwenda hivyo hivyo."

"Watasema tuendelee na hii hii."

"Labda."

"Basi nisaidie kukumbuka, tuandike."

"Mchana nilikuwa kazini, mwanangu. Aliyekuwepo ni baba yako. Nakumbuka ya usiku tu, nayo nusu." Akamtazama. "Wewe hukumbuki?"

"Mimi huwa sipo," binti alisema.

Bibi alimshika binti kisigino chini ya meza kwa mguu wake, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo, akauacha mguu hapo mpaka wakamaliza kula.

*

Jumatano asubuhi fundi alikuwa na macho mekundu. Yule mteja wa jana alikuwa bado yupo, safari hii ndani, na kompyuta yake imepona.

"Manane nimeyatoa," fundi alisema. "Yamesimama vizuri, unaweza kuyasoma. Matatu sikuyapata. Harusi imeyakalia."

"Yapi?"

"Ya mwisho. Mwaka juzi, mwaka jana, na huu."

Ndiyo hasa aliyoyataka daktari. Mjane alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa printa haina wino. Alichukua flashi yenye yale manane, akafungua mkoba.

"Nikulipe kiasi gani?"

"Mama, funga mkoba." Fundi alitazama mlango, akashusha sauti. "Andika. Mwaka jana, mwezi wa sita, Ijumaa. Saa nane na nusu hivi, wametoka shule mapema. Alikuja kununua chaja ya simu ya bibi yake. Alianguka hapo uliposimama. Dakika tatu; nilitazama saa ya ukutani, sikuwa na la kufanya zaidi. Nilimweka ubavu, nikamvua miwani."

Mjane alitazama sakafu chini ya viatu vyake.

"Katibu alikuja mbio," fundi aliendelea. "Aliniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu."

"Ulikuwa unajua. Juzi, nilipokuja."

"Nilijua anaumwa. Hayo ya pipa sikuyajua. Ungeniambia, mama."

"Ndiyo," alisema. "Ningekuambia."

Yule mteja alikuwa anajifanya anakagua kompyuta yake iliyopona. Alipokuwa anatoka alimpisha mjane mbele, akamshikia pazia la mlango.

*

Kibarazani alibonyeza kitufe, ikawaka. Alifungua ukurasa mpya na kuandika alichoambiwa na fundi. Kisha yale maanguko mawili ya baada ya msiba, yaliyokuwa yake mwenyewe: moja bafuni, moja mezani. Mistari mitatu kwa miaka mitatu. Kompyuta ilimuuliza ahifadhi wapi.

Kidole kilikwenda chenyewe kule pembeni kwenye kipipa. Akakirudisha. Akaliweka faili juu ya picha ya mlima, katikati, akaliandika jina kwa herufi kubwa kama anavyoandika vichwa vya barua: KIFAFA CHA BINTI YETU.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke anayeuza mboga, mwenye malalamiko ya bili ya maji. Alikuwa mwenye maneno mengi. Alikaa ubavuni, akaanza kueleza jinsi wanavyomtoza maji ambayo bomba lake halijawahi kuyaona, "wananitoza jasho lao, mwenzangu!", na katikati ya maneno macho yake yakafika kwenye skrini. Akainama kusoma.

Mjane alisubiri. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Alisikia moyo wake ukipiga, na akashangaa kidogo, kwa kuwa alikuwa hajausikia siku nyingi.

"Ile ya bombani umeiweka?" mwanamke wa mboga aliuliza.

"Ipi?"

"Ya mwaka juzi, wakati wa mgawo wa maji. Alianguka kwenye foleni. Tulimzungushia khanga zetu tukasimama tumewapa mgongo wanaume wasitazame. Ilikuwa Jumamosi, mapema, kabla sijafungua biashara. Ilikuwa ndefu ile, mwenzangu, mpaka ndoo yangu ikajaa ikamwagika." Akafikiri. "Na ya sokoni, mwezi mmoja kabla ya msiba wako. Hiyo mwulize muuza vitunguu, ndiye aliyempakata. Mwalimu wake naye anazo zake. Hukuambiwa?"

"Hapana."

"Tulidhani hupendi kuambiwa."

Mjane aliona skrini ikianza kutiwa ukungu, ingawa mashine ilikuwa imeshapona. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akajifuta tena. Mwanamke wa mboga alitazama barabarani, akavuta kile kiti cha pili na kukiweka mbele ya meza, ili wapita njia wapite mbali.

"Bili yangu itangoja," alisema. "Imengoja miezi mitatu. Ukiwa tayari, andika."

Mjane alilifungua lile faili la katikati.

"Ndoo ya lita ngapi?" aliuliza, apate kukadiria dakika.

"Ishirini."

"Na bomba lilikuwa linatoka kwa kasi?"

"Kasi wapi! Uzi tu."

Akaandika.